Shekhar Mehta, dereva aliyefukuzwa Uganda akashinda Safari Rally mara tano

Mtu wa Salamabila anayetaka kwenda Kasongo au Kabambare wakati wa masika haanzi kwa kuuliza ni kilomita ngapi. Anauliza mvua imenyesha wapi, daraja gani bado limesimama, na kama lori lililokwama juzi limekwisha kutolewa. Kusini mwa Maniema safari ndefu ya gari hupimwa kwa siku, na mara nyingine kwa wiki.

Shekhar Mehta alijenga jina lake duniani kote juu ya barabara za namna hiyo: udongo mwekundu, matope meusi, mito iliyojaa na vumbi lisiloonyesha kitu. Alizaliwa Uganda, akafukuzwa huko pamoja na jamii yake, akaishi Kenya, akafariki London. Alishinda mashindano ya Safari Rally mara tano, na katika miaka ambayo Safari imehesabiwa katika mashindano ya dunia hakuna dereva mwingine aliyefikia idadi hiyo. Ushindi wake wa kwanza, mwaka 1973, aliupata akiendesha Datsun 240Z, gari dogo la mbio lenye viti viwili tu, ambalo wengi leo wangeogopa kulitoa nje ya lami.

Mtoto wa mashamba ya Uganda

Mehta alizaliwa tarehe 20 Juni 1945. Jina lake kamili lilikuwa Chandrashekhar. Familia yake ilikuwa ya Wahindi matajiri wenye mashamba makubwa nchini Uganda, wakati nchi hiyo ilikuwa bado chini ya Waingereza. Wahindi wa Uganda wa wakati ule walikuwa wameshika sehemu kubwa ya biashara: pamba, sukari, maduka ya mijini na ya vijijini, karakana na usafirishaji. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapo hapo na hawakuwa na nyumbani pengine.

Kijana mwenye pesa angeweza kuchagua michezo mingi. Mehta alichagua magari. Alianza mashindano akiwa na umri wa miaka 21, akiendesha BMW, kisha akahamia Renault na Peugeot. Zilikuwa gari za kawaida za watu wa mjini, zilizokazwa springi na kuongezewa taa. Mashule ya udereva wa mbio hayakuwapo katika eneo hilo. Shule ilikuwa barabara yenyewe, kutoka Kampala kwenda Nairobi, kutoka Nairobi kushuka Mombasa, au kupita Tanganyika hadi Dar es Salaam.

Mashindano yaliyounganisha nchi tatu

Kila kijana wa Afrika Mashariki aliyependa magari alikuwa na ndoto moja: Safari. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, mwaka Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alipotawazwa, na kwa ajili hiyo yaliitwa Coronation Safari. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 jina likabadilika yakawa East African Safari. Kisha nchi hizo zikapata uhuru, moja baada ya nyingine, na magari yakaendelea kupita mipaka yao.

Safari haikufanana na mbio za kuzunguka uwanja mmoja. Njia ilikuwa ya maelfu ya kilomita, na gari lilitakiwa kuimaliza kwa siku nne au tano, mchana na usiku, kwa mapumziko machache. Kulikuwa na vituo njiani. Kila gari lilipewa muda wa kufika katika kila kituo. Ukichelewa dakika moja, unaandikiwa dakika moja ya adhabu. Ukichelewa saa nzima, ni dakika sitini. Mwisho wa yote dakika zilijumlishwa, na mwenye chache ndiye mshindi.

Barabara hazikufungwa. Dereva wa mashindano alikutana na basi lenye abiria, lori la mahindi, ng'ombe wa Wamasai na watu waliotoka sokoni. Tena waandaaji waliweka mashindano wakati wa Pasaka, mvua za masika zinapoanza. Palipokuwa na vumbi saa nne asubuhi, pangeweza kuwa na mto saa kumi jioni. Magari yalikwama, na wanakijiji walitoka na kamba na majembe kuyasukuma, wengine kwa kupenda mchezo, wengine kwa malipo. Watu wa njia ya Kasongo wanaijua kazi hiyo vizuri.

Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 mvua ilikuwa kali kiasi kwamba magari saba tu yalifika mwisho, kati ya makumi mengi yaliyoondoka. Madereva maarufu wa Ulaya walikuja kila mwaka na magari mazuri, wakarudi kwao bila ushindi. Kwa muda wa miaka karibu ishirini hakuna mgeni aliyeshinda. Washindi wote walikuwa wakaazi wa Afrika Mashariki: wakulima, wafanyabiashara, mafundi wa magari. Joginder Singh, fundi Mkenya mwenye asili ya Kihindi, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo ambayo haikuwa mpya. Kutangulia si kufika: katika Safari usemi huo ulikuwa hesabu kamili, kwa sababu wengi waliotangulia siku ya kwanza walilala mtaroni siku ya pili.

Gari dogo kutoka Japani

Kampuni ya Nissan ya Japani, iliyouza magari yake kwa jina la Datsun, ilianza kushiriki Safari mwaka 1963. Wakati huo watu wengi wa Afrika waliamini gari la kweli ni la Ulaya: Peugeot, Mercedes, Volkswagen, Ford. Nissan ilielewa kwamba gari likiweza kupita Safari, mteja wa Afrika hatahitaji tangazo lingine. Mwaka 1970 ilipata ilichotafuta. Edgar Herrmann, Mjerumani aliyeishi Kenya, alishinda na Datsun 1600 SSS.

Mwaka uliofuata Nissan ilileta Datsun 240Z. Gari hilo lilikuwa limeanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1969, na soko lake kubwa lilikuwa Marekani, kwa watu wanaopenda gari la mbio lakini hawana pesa za kununua yale ya bei kali ya Ulaya. Lilikuwa na boneti ndefu, mlango mmoja kila upande na viti viwili. Injini yake ilikuwa na silinda sita na ujazo wa lita 2.4, na nguvu zilipelekwa kwenye magurudumu ya nyuma. Kwenye barabara nzuri lingeweza kufika kilomita 200 kwa saa. Lakini lilikuwa fupi kwenda chini, na mtu aliyezoea njia za Afrika angeweza kuuliza litapita vipi kwenye mawe.

Mafundi walilipa springi za kuliinua, wakaweka bamba la chuma chini ya injini, taa kubwa za mbele na magurudumu ya akiba. Kazi iliyobaki ilikuwa ya dereva. Gari la nyumba, linapopiga shimo, hutetemeka na kuendelea. Gari la mbio lenye nguvu nyingi na uzito mdogo huruka, na likitua vibaya, huvunja kitu. Ndani ya 240Z joto la injini lilijaa miguuni, na vumbi liliingia kila mahali. Mtu wa kulipeleka kilomita elfu kadhaa alihitaji mkono wa nguvu na moyo wa kungoja.

Mwaka 1971 Herrmann alishinda tena, safari hii na 240Z. Wa pili, katika gari la aina hiyo hiyo, alikuwa Shekhar Mehta, pamoja na mwelekezi wake Mike Doughty. Alikuwa na miaka 25. Kuanzia hapo Nissan ilijua kwamba kule Uganda kuna kijana anayeweza kupewa gari.

Siku tisini

Mwaka 1972 mambo mawili yalitokea. Wakati wa Pasaka, Hannu Mikkola wa Finland alishinda Safari na Ford Escort, akawa mgeni wa kwanza kufanya hivyo. Wakaazi wa Afrika Mashariki wakaona kwamba ngome yao imevunjwa.

La pili lilikuwa kubwa zaidi na halikuhusu michezo. Tarehe 4 Agosti 1972 Rais Idi Amin Dada wa Uganda alitangaza kwamba Wahindi wenye uraia wa Uingereza wana siku 90 za kuondoka nchini. Baadaye amri iliwagusa na wengine, hata baadhi ya wale waliokuwa na karatasi za uraia wa Uganda, kwa sababu maofisa walizikataa karatasi hizo. Makumi ya maelfu ya watu waliacha nyumba, maduka, viwanda na mashamba. Waliruhusiwa kuondoka na pesa kidogo tu. Njiani kuelekea uwanja wa ndege wa Entebbe kulikuwa na vizuizi vya wanajeshi, na wengi walipokonywa hata saa na pete. Wengine walikwenda Uingereza, wengine Kanada, wengine India, nchi ambayo vijana wao hawakuwahi kuiona.

Familia ya Mehta ilihamia Kenya. Shekhar alikuwa na miaka 27. Barabara alizojifunzia udereva zilikuwa sasa upande wa pili wa mpaka ambao hakuweza kuuvuka. Aliyefukuzwa hubaki na kile kilicho kichwani na mikononi mwake. Yeye alibaki na ujuzi wa kuendesha gari katika matope.

Sare ya dakika 406

Pasaka ya mwaka 1973 ilikuwa tarehe 22 Aprili, miezi mitano na nusu baada ya siku 90 za Amin kumalizika. Mwaka huo ulikuwa wa kwanza wa mashindano ya dunia ya rally, yenye mashindano 13 katika nchi mbalimbali, na Safari ilikuwa mojawapo. Kwa hiyo atakayeshinda Nairobi hangekuwa tena bingwa wa Afrika Mashariki pekee. Dunia nzima ingemhesabu.

Mehta alipewa 240Z na timu ya Nissan. Mwelekezi wake alikuwa Lofty Drews, mtu wa Kenya aliyezijua njia. Kazi ya mwelekezi ilikuwa kusoma maandishi yaliyoandaliwa kabla: kona ya kushoto, daraja jembamba, mtaro, mteremko. Usiku, katika vumbi la gari la mbele, dereva haoni barabara. Anaendesha kwa sauti ya mtu aliye kando yake. Mwelekezi ndiye pia anayeshuka kusukuma, kubadilisha gurudumu na kuhesabu dakika.

Mpinzani mkubwa alitoka ndani ya timu hiyo hiyo ya Nissan. Harry Källström wa Sweden aliendesha Datsun 1800 SSS, gari la milango minne, gumu zaidi na lenye kasi ndogo. Siku zilipokwisha na dakika zilipojumlishwa, ikaonekana jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Baada ya maelfu ya kilomita, Mehta alikuwa na dakika 406 za adhabu, na Källström 406.

Sheria ilikuwa na jibu. Wakifungana, mshindi ni yule aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kuandikiwa adhabu ya kwanza. Mehta alikuwa ndiye. Kijana asiye na nchi aliyozaliwa akapewa kikombe cha Safari katika mwaka wa kwanza wa mashindano ya dunia.

Mwaka wa kupoteza mali

Msomaji wa Maniema atakumbuka kwamba mwaka huo huo wa 1973 nchi yake nayo ilipitia jambo linalofanana. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza siasa ya kuzairisha mali. Maduka, mashamba na kampuni ndogo za wageni, Wagiriki, Wareno, Wahindi na wengine, zilichukuliwa na kupewa wananchi, mara nyingi watu wenye vyeo. Hakukuwa na siku 90 wala kufukuzwa kwa jamii nzima kama Uganda, lakini matokeo yalikaribiana. Malori yaliyoleta bidhaa yalikosa vipuri, wenye maduka wapya walimaliza mali bila kuagiza nyingine, na mtu wa kijijini alikosa chumvi na kitambaa. Gari linapokosa kupita, barabara nayo huacha kutunzwa, na barabara isipotunzwa, gari halipiti. Watu wa Kasongo na Kabambare wameishi ndani ya mzunguko huo kwa muda mrefu.

Safari yenyewe iliumia kwa siasa za aina hii. Kuanzia mwaka 1974 mashindano hayakuvuka tena mipaka, yakabaki ndani ya Kenya peke yake, na jina likawa Safari Rally. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo ilivunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Njia iliyokuwa imeshona nchi tatu kwa magurudumu ya magari ikakatwa vipande.

Kwa Mehta miaka hiyo ilikuwa ya kungoja. Joginder Singh alishinda mwaka 1974 na 1976 akiendesha Mitsubishi Lancer, Ove Andersson wa Sweden mwaka 1975, Björn Waldegård mwaka 1977, na Mfaransa Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978. Ikaonekana kama wakati wa Mehta umepita na kwamba sare ile ya 1973 itabaki kumbukumbu yake pekee.

Pasaka ya 1979

Mwezi Aprili 1979 jeshi la Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala. Tarehe 11 Aprili mji ulikuwa mikononi mwao, na Amin alikuwa amekimbia. Pasaka ilikuwa tarehe 15. Katika juma hilo hilo, magari ya Safari Rally yalikuwa barabarani Kenya, na ndani ya mojawapo alikuwemo mtu aliyefukuzwa na Amin miaka saba kabla.

Safari hii Mehta hakuwa na 240Z. Nissan ilimpa Datsun 160J, gari la umbo la kawaida lililoitwa pia Violet, lenye injini ya lita mbili. Mike Doughty alikuwa amerudi kando yake kama mwelekezi. Mbele yao kulikuwa na timu ya Mercedes kutoka Ujerumani na magari yake ya 450 SLC yenye injini ya lita tano. Mmoja wa madereva wa Mercedes alikuwa Mikkola, yule yule aliyevunja ngome mwaka 1972. Gari dogo lilimaliza la kwanza, na Mikkola akawa wa pili.

Mwaka 1980 Mehta alishinda tena na 160J. Mwaka 1981 alishinda na Violet GT. Mara zote mbili wa pili alikuwa Rauno Aaltonen wa Finland, mwenzake katika timu ya Nissan na mmoja wa madereva wenye akili nyingi katika historia ya mchezo huo. Aaltonen alikuja Safari mwaka baada ya mwaka na hakuwahi kushinda hata mara moja. Mwaka huo wa 1981 Mehta alimaliza wa tano katika orodha ya madereva wa dunia, ingawa hakuwa mtu wa kukimbia theluji za Sweden wala lami za Monte Carlo.

Mwaka 1982 alikutana na Walter Röhrl, Mjerumani aliyekuwa na Opel Ascona na ambaye mwaka huo huo angekuwa bingwa wa dunia. Mehta alimshinda pia. Ilikuwa mara ya nne mfululizo na ya tano kwa jumla. Mwaka uliofuata, 1983, Ari Vatanen wa Finland alishinda, na mfululizo ukaisha. Magari yenye nguvu kwenye magurudumu yote manne yalikuwa yameanza kuingia, na wakati wa gari dogo la kusukumwa kwa nyuma ulikuwa unakaribia mwisho.

Alijua nini ambacho wengine hawakujua?

Röhrl, Mikkola na Aaltonen hawakuwa madereva wa kubahatisha, na kwa kilomita kumi za barabara safi yeyote kati yao angeweza kuwa na kasi kumzidi. Ushindi nne mfululizo katika mashindano yaliyovunja magari kila mwaka unaonyesha kitu kingine. Mehta alijua kutofautisha mahali pa kukimbia na mahali pa kuponya gari.

Dereva wa masika anajua kwamba maji yaliyotulia huficha shimo na kwamba maji yanayokwenda kasi huonyesha kina chake. Anajua kwamba matope mekundu huteleza lakini hupitika, na udongo mweusi huonekana mkavu kisha humeza gurudumu. Anajua kwamba akikuta lori limekwama katikati, asiingie kwenye nyayo zake. Na anajua kwamba shokamzoba ikivunjika asubuhi, jioni atalipa kwa springi, na usiku kwa ekseli. Mambo hayo hujifunzwa kwa miaka, kwa kukwama, kwa kulala njiani. Mashofa wa malori wanaopita kati ya Kasongo na Salamabila, na vijana wa pikipiki wanaobeba abiria, mafuta na magunia kwenye njia hizo, wana elimu hiyo hiyo, ila hakuna anayewapa kikombe.

Hapo ndipo hadithi ya Mehta ina upande wake mgumu. Safari ilikuwa mchezo wa watu wenye uwezo. Nissan ilitumia pesa nyingi, ikaleta mafundi, vipuri na magari ya kusaidia, ili gari moja lithibitishe kwamba linaweza kupita. Gari lilipopita, barabara ilibaki vile vile. Mwanakijiji aliyesukuma Datsun kutoka kwenye mto alirudi nyumbani, na siku alipokuwa na mgonjwa hakukuwa na helikopta wala mafundi wa kumngojea ng'ambo. Katika wilaya ya Kabambare, ambako dhahabu ya Namoya imechimbwa tangu wakati wa Wabelgiji, watu wanalijua jambo hilo kwa uchungu: mali nzito hutoka, lakini mwanamke mwenye uchungu wa uzazi bado anapelekwa hospitali nyuma ya pikipiki.

Hata hivyo mashindano yalifanya jambo moja ambalo haliwezi kudharauliwa. Yalilazimisha dunia kukubali kwamba kuna ujuzi ambao hauwezi kununuliwa Ulaya. Kwa karibu miaka ishirini wageni wenye pesa walikuja wakashindwa na wenyeji, na hata baada ya mwaka 1972 walihitaji kumshinda Mehta, ambaye hawakuweza mara tano.

Jangwani, ofisini, na mwisho

Mehta alioa Yvonne, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa mashindano ya magari, na mara nyingine alikaa kando ya mumewe kama mwelekezi katika mashindano ya nchi za nje. Hawakuwa wengi wakati huo waliofanya hivyo, mke akimwambia mume wapi pa kukata kona, na mume akitii bila kubishana.

Mwaka 1987 alijiunga na timu ya Peugeot katika Paris-Dakar, safari ndefu ya kuvuka Sahara, akamaliza wa tano. Mwaka huo huo, katika mashindano ya Mafarao huko Misri, alipata ajali mbaya na kuumia sana. Alipona, lakini kazi yake ya udereva ilikwisha.

Hakuondoka katika mchezo. Aliingia katika uongozi wa FIA, shirikisho la dunia la michezo ya magari, na akaongoza tume yake ya rally. Mtu aliyekuwa akihesabiwa dakika sasa alikuwa miongoni mwa wanaoandika sheria za kuhesabu. Lakini mashindano ya kisasa yalikuwa yanaelekea kwenye njia fupi, zilizofungwa, zinazofaa televisheni. Safari, na maelfu yake ya kilomita na ng'ombe barabarani, haikuingia vizuri katika mpango huo, na pesa za kuiandaa zilikuwa ngumu kupatikana. Baada ya mwaka 2002 Safari Rally iliondolewa katika mashindano ya dunia. Mchezo uliomfanya Mehta ukawa umeondoka duniani akiwa bado hai.

Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60. Ilikuwa Jumatano ya Juma Takatifu, siku nne kabla ya Pasaka, wakati ambao kwa miaka mingi alikuwa Nairobi akikagua magurudumu na kutazama mawingu.

Mwaka 2021 Safari Rally ilirudi katika mashindano ya dunia, ikiwa fupi na ikizunguka zaidi pande za Naivasha. Mabingwa wapya wa Ulaya wamekuja na kushinda. Katika orodha ya washindi wa tangu mwaka 1953, Waldegård ana ushindi nne; Joginder Singh, Juha Kankkunen na Colin McRae wana tatu kila mmoja. Juu ya hao limebaki jina la mtu aliyezaliwa Uganda, na dakika zake 406 za mwaka 1973.